Wazee Wote Wamepata Mia

Alhamisi, 8 Mei

Mguu wa kulia bado unatetemeka. Leo tena sisi wazee wa Tuwan, mtaa wetu hapa Kitale, tumesimama kwa mguu mmoja kama kuku ndani ya ukumbi wa kanisa, Daktari Chebet akitazama saa. Halafu kufinya kile kichuma cha kupima nguvu za mkono. Halafu kuinuka kitini bila kushika popote. Mwisho maneno matano. Anayasoma, anakuzungumzisha mambo mengine, kisha anataka uyarudishe.

Utafiti wa kuzeeka vizuri, ndivyo wanavyouita. Chuo kimoja kiko Bungoma, kingine ng'ambo, na kuna mfadhili ambaye hakuna aliyemwona. Sijaelewa bado ni nani huko ng'ambo anakosa usingizi kwa sababu ya magoti yangu. Mwezi uliopita nilimuuliza Daktari yeye anapata nini. Akacheka. Mtu akicheka badala ya kunijibu, simwachi.

Leo kuna jambo. Kila mtu amekumbuka maneno yote. Kila mtu! Hata Mama Rhoda, ambaye huniita kwa jina la marehemu dada yangu. Hata Barasa, mume wangu. Mimi peke yangu ndiye niliyekosa moja. Nimesimamia mitihani tangu nikiwa msichana wa kuvaa viatu virefu hadi nilipostaafu. Darasa zima likipata mia, mimi sipigi makofi. Naangalia dirisha, majibu yalipitia wapi.

Ijumaa, 9 Mei

Barasa na simu. Siku hizi akipigiwa anatoka nje, anaenda hadi nyuma ya banda la kuku. Nikitokea, anakata. Ati ni Nekesa, dada yake wa Bungoma. Tangu lini mtu anamficha dada yake kwa kuku?

Sisemi kitu. Natazama tu.

Jumatano, 14 Mei

Alitumwa mjini kununua dawa ya kuku. Ametoka asubuhi, amerudi jua likienda kuzama, mikono mitupu, viatu vimejaa tope. Ati duka limefungwa. Saa nane nilipita pale mwenyewe. Lilikuwa wazi, na mwenye duka akanisalimia vizuri.

Kwa hivyo ni uongo. Mume wangu ananidanganya mchana kweupe, tena uongo wa kitoto. Kuna mwanamke. Sioni kingine. Umri wake ni wa kutunza meno yaliyobaki, lakini wanaume sijui wameumbwaje. Nimemwekea chakula bila kumwita mezani. Amekula chote. Hata hakuniuliza nimekasirikia nini.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya ibada Daktari Chebet amesimamishwa mbele atoe tangazo. Mfadhili atafungua kliniki ya wazee, ya wale wanaoanza kusahau. Moja tu. Vyuo viwili vimekubaliana itakuwa Kitale au Bungoma, kutegemea wapi kuna shida zaidi. Watu wamepiga makofi mpaka paa likaitikia.

Mimi sikupiga. Hapa Kitale wote tunakumbuka kila kitu. Wagonjwa wa kuletewa kliniki wako wapi?

Nje ya kanisa kuna tetesi nyingine. Ati ukikosa yale maneno, jina lako linapelekwa kwa watoto wako, nao wanaenda kwa wakili kusema huna akili timamu, wauze shamba lako. Nimeuliza nani amesema. "Si watu, Mwalimu." Watu gani? "Watu tu bana." Barasa alikuwa kando yangu, akasikiza hayo yote akishika kofia yake kwa mikono miwili. Sisi tuna kipande chetu Kiminini. Watoto wetu hawajawahi hata kukiulizia. Lakini sasa na mimi nimeanza kuwaza.

Huyu Chebet ana uso mzuri. Uso mzuri hautoshi.

Jumanne, 3 Juni

Nimemshika. Nilikuwa naanika nguo. Nikasikia sauti kwenye banda la kuku, ya chini, kama mtu anaomba. Nikavua ndara, nikanyata.

Barasa amesimama katikati ya kuku, macho amefumba. "Jembe, kanisa, kengele, chungwa, mto." Anakwama kwa kengele. Anaanza upya. "Jembe, kanisa." Anakwama. Anajipiga paji la uso kwa ngumi. Anaanza tena.

Nikafikiria uganga. Nikafikiria dini hizi mpya za mitaani. Nimerudi kwenye kamba na kuanika shati lake bila kulikamua. Maji yote yamenimwagikia miguuni.

Alhamisi, 5 Juni

Sasa najua.

Daktari amefungua mdomo, akasoma: jembe, kanisa, kengele, chungwa, mto.

Nilihisi damu ikinipanda hadi masikioni. Kumbe ni mtihani! Wameiba mtihani! Wazee wa kanisa, watu wenye wajukuu chuo kikuu, wamekaa pale nyuso zimetulia kama malaika, na kila mmoja anamwaga maneno kama maji. Mama Rhoda ameyasema hata kabla hajaulizwa. Ikabidi akoholewe na wenzake.

Zamu yangu ikafika. Nami nilikuwa nayajua. Niliyasikia bandani. Kuyasema kungekuwa wizi, na mimi sijaiba mtihani tangu nizaliwe. Nikasema sikumbuki hata moja. Daktari akanitazama kwa huruma, akaandika. Akaniuliza pole pole kama nina mtu wa kunisaidia nyumbani. Mimi! Barasa akanipapasa mkono. "Usijali, mama. Ni uzee tu." Yeye, mwizi, ananifariji!

Nimetembea mbele yake njia nzima hadi nyumbani.

Ijumaa, 6 Juni

Nimempigia wifi yangu Nekesa mwenyewe. Hakuchukua muda kufunguka. Kikundi cha Bungoma, alimo yeye, hupimwa Jumanne, sisi Alhamisi, na maneno ni yale yale. Ni uzembe wa Daktari, hilo nalo nimelihifadhi. Nekesa akitoka chuoni anampigia kaka yake. Kaka yake anawapa wenzake kwa muuza maziwa. Hivyo ndivyo Tuwan nzima imekuwa na akili.

"Wifi, kwani tumeiba ng'ombe ya nani? Si ni maneno tu!"

Nikamwambia waziwazi ninachoshuku. Kwamba Bungoma wamefanya makusudi. Sisi tuonekane wazima, kliniki ibaki kwao, mlangoni mwao. Nilidhani atanitukana, kwa maana Nekesa ana mdomo. Badala yake akashusha sauti. Halafu akasema, "Usinirushie mimi mawe. Uliza ndugu yangu nani aliomba hayo maneno. Aliomba na machozi, tangu ile siku ya kwanza. Na akanikataza kukwambia."

Nikakata simu. Kwa nini alie? Kwa maneno matano?

Jumamosi, 7 Juni

Sikulala vizuri. Asubuhi nimeenda kwa yule mwenye duka la dawa ya kuku. Nimemuuliza kama Barasa alifika pale ile Jumatano. Alifika. Alisimama mlangoni muda mrefu. Aliulizwa anataka nini. Akasema atarudi. Akaondoka akielekea upande wa Suam, wala si upande wa nyumbani. "Nilidhani mnajua," akasema yule kijana wa watu.

Sikujua. Nilikuwa natafuta mwanamke.

Nimeketi kwenye benchi yake nikayapanga yote. Chumvi aliyoitia kwenye chai kabla ya Pasaka na tukacheka. Nyimbo za kanisani anazotikisa midomo tu. Jirani wa miaka mingi anayemwita "rafiki" kwa sababu jina halipatikani. Viatu vyenye tope. Alikuwa amepotea, mtu aliyefundisha jiografia mji huu huu.

Heri kungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza.

Jumatano, 11 Juni

Anajua kwamba najua? Ananitazama kwa pembe ya jicho. Nami namtazama hivyo hivyo. Tunapishana jikoni kama watu waliogombania mpaka wa shamba.

Nikisema, nimemwaibisha yeye na wazee wote. Mama Rhoda hatanisamehe. Na kama zile tetesi ni za kweli, nitakuwa nimewapa watu kisu cha kutuchinjia. Nikinyamaza, karatasi za Daktari zitasema Barasa ni mzima kabisa, na hakuna atakayemshughulikia. Ataendelea kukariri maneno kwa kuku mpaka siku asiyoliona banda lenyewe.

Nina hasira naye. Namwonea huruma. Vyote kwa pamoja.

Jumanne, 17 Juni

Nimeenda Bungoma. Nimemwambia Barasa naenda kuona Nekesa. Sasa na mimi ni mwongo.

Nimemkuta Daktari Chebet kwenye ofisi yake pale chuoni, chumba kidogo, viti vya plastiki, picha ya Mlima Elgon ukutani. Sikumpa nafasi ya salamu ndefu. Nilitaka kujua majibu ya wazee yanaenda wapi. Kwa watoto? Kwa mawakili? Kwa hao wa ng'ambo, na wanayafanyia nini? Kila alipojibu nikamuuliza tena kutoka upande mwingine, jinsi nilivyozoea kuwahoji wanafunzi. Majibu yalikaa palepale. Mzee mwenyewe ndiye mwenye majibu yake. Bila ruhusa yake hata mke haambiwi.

"Mwalimu, wewe ungekuwa polisi," akasema.

Ndipo nikamwambia. Yote. Jumanne, Alhamisi, muuza maziwa.

Ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Kumbe wale wa ng'ambo wameshangilia sana. Hawajawahi kuona wazee wenye kumbukumbu kama wa Kitale. Wanapanga kuleta watu wa kuchunguza tunakula mboga gani! Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka nikafuta macho, na yeye akacheka, halafu nikaona sicheki tena, nalia. Alifunga mlango. Hakusema chochote cha kitabuni. Alisema, "Mlete, Mwalimu. Nitabadilisha maneno. Lakini akiwa hataki, simlazimishi."

Bado simwamini mtu kwa asilimia zote. Ila nimeondoka nikiwa nimeshusha mabega.

Jumatano, 18 Juni

Nilitaka kumwambia Barasa. Nimeshindwa. Yeye alinitengenezea mpini wa jembe leo, akaimba.

Jumatano, 2 Julai

Jana Nekesa hakupiga simu, kwa kuwa sasa kila kikundi kina maneno yake. Barasa ameshinda akiitoa mfukoni na kuirudisha. Kwa muuza maziwa wamemzunguka wakimuuliza, naye hana la kuwapa.

Leo jioni nimemwambia ukweli. Kwamba nilienda Bungoma, nilisema, na kesho maneno ni mapya. Nilingoja anipigie kelele. Alitazama sakafu. Nikamwambia anaweza kubaki nyumbani kesho, hakuna wa kumlazimisha. Akaenda kulala bila kunijibu. Najiona kama msaliti.

Alhamisi, 3 Julai

Asubuhi nimemkuta amevaa koti lake la kuendea harusi za watu. "Twende," akasema.

Ukumbi ulikuwa kimya kama siku ya matanga. Maneno mapya. Watu wakang'ang'ana. Mmoja mawili, mwingine matatu. Mama Rhoda alianza kulia akapewa maji. Mimi nimepata manne. Wengine walinitupia macho yale ninayoyajua vizuri. Mtu aliyeharibu mtihani wa wenzake hasalimiwi.

Barasa ameketi. Daktari amesoma taratibu. Amemuuliza habari za mahindi, habari za mvua. Kisha akamwomba ayarudishe.

Akalamba midomo. Akasema, "Jembe."

Jembe halikuwamo. Lilikuwa la mwezi jana.

Akageuka, akanitazama mimi. Hakumtazama Daktari. Ni mimi aliyenitazama, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya ubao. Nikainuka, nikaenda kukaa karibu naye. Hairuhusiwi, nadhani. Daktari hakunizuia.

Nje nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Kama alimwogopa Daktari. Kama aliogopea shamba. Akatikisa kichwa.

"Sikuogopa hao. Niliogopa wewe. Wewe hujui kusamehe mtu akikosa."

Nilifunga kifungo cha koti lake kilichofunguka, nikashika mkono wake, tukaanza kutembea. Wenzetu walikuwa wakituona. Waone.

Ijumaa, 4 Julai

Daktari amepiga simu. Barasa mwenyewe ndiye aliyemruhusu azungumze nami, akanipa simu kwa mkono wake. Kuna mambo ya kupima kwanza: damu, presha, masikio. Mengine huweza kurekebishwa. Mengine hupunguzwa mwendo. Hakuahidi zaidi ya hapo, na nimempenda kwa hilo. Kliniki haijulikani itakuwa wapi. Vyuo bado vinavutana, na mfadhili anataka majibu yote yapimwe upya. Kwa sasa tutakuwa tunaenda Bungoma kila mwezi, mimi na yeye. Nekesa atatupikia.

Nimewapigia watoto. Barasa alitaka. Hakuna aliyetaja Kiminini.

Jumapili, 6 Julai

Mvua tangu alfajiri. Hatukuenda kanisani. Nimechemsha viazi vitamu, Barasa ameketi jikoni nami, karibu na moto.

Ameniuliza leo ni siku gani. Ameuliza tu, waziwazi, akinitazama.

Nikamwambia ni Jumapili.

Tumekunywa chai. Akauliza tena. Nikamwambia ni Jumapili.