Jinsi Nilivyompaka Hadassa Uso wa Lazaro

Ganshoren, Bruxelles
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa Yaya Claudine,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku kwenye ukungu. Habari za Likasi? Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika, au iliishia kwenye goti la mtu mwingine? Mvua zimeanza? Watoto wa Doudou wanasoma? Sisi tu wazima, mimi na Hadassa. Anakohoa kidogo, lakini huku mwezi wa Novemba asiyekohoa ni mgeni.

Leo ni Jumapili, na kama unavyoona, naandika barua saa ambazo zamani ningekuwa kanisani. Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umesema umesikia kwamba mjane wa ndugu yako, yaani mimi, anampaka mtoto rangi ya maiti na kumtoa kwa shetani, na kwamba familia imekaa ikaona afadhali Hadassa aende Liège akalelewe na Tonton Mwamba wa ukoo wenu. Yaya, wewe ndiye dada mkubwa uliyemlea Séraphin tangu mama yenu alipofariki, kwa hiyo una haki ya kuniuliza. Ila waliokupigia simu hawakuwa na haki ya kukudanganya. Nimechagua karatasi kwa sababu sauti husambaa kutoka simu hadi simu, na sitaki mambo ya mume wangu yasikilizwe na watu huku wanamenya mihogo.

Kwanza nikueleze hiyo Halloween, maana naona wamekuchorea jehanamu nzima. Mwisho wa Oktoba wazungu wanabandika buibui wa karatasi madirishani. Wanachukua maboga, Yaya, maboga mazuri ya kupika, wanayatoboa macho na kuyaacha mlangoni yaoze. Watoto wanajipaka sura za mifupa na kugonga milango ya majirani kuomba peremende. Ni hayo tu. Shetani mwenye akili timamu hawezi kupoteza jioni yake hapo. Mimi naidharau sikukuu hiyo, lakini kuiogopa, hapana. Kuogopa nawaachia wenye muda.

Mwenye muda kwetu ni Maman Rolande, mke wa pasta wetu. Kanisa lenyewe ni ukumbi wa ghorofani, nyuma ya stesheni ya treni ya Gare du Midi, na kila Oktoba yeye hushika micro, kipaza sauti cha kanisa, kututisha: usiguse boga, usinunue rangi, usifungue mlango. Bon. Mwaka huu akaja na uvumbuzi. Tarehe 31, jioni ileile, saa zilezile, kungekuwa na sherehe ya “Mashujaa wa Biblia”. Watoto waje wamevaa na kupakwa kama watu wa Maandiko, na watakaopendeza wapewe peremende. Donc, ni Halloween ileile, imebatizwa tu na kupewa jina la pili.

Hadassa akachagua Lazaro. Nikamwambia wasichana wana Esta, wana Ruthu, wana Debora. Akasema anamtaka yule aliyerudi. Unajua ana miaka tisa, na akishasema neno lake halirudi nyuma, kama baba yake. Nikakubali.

Nilikwenda dukani Ixelles nikanunua kisanduku cha rangi za uso. Juu wameandika kwamba ni rahisi, hata kwa asiyewahi kushika brashi. Rahisi kwa nani? Hiyo rangi nyeupe imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto mweusi. Nilimpaka Hadassa shavu moja, akawa kama ukuta uliopigwa chokaa na mlevi. Nikafungua video kwenye simu. Msichana mmoja, kucha ndefu kama uma, anasema: chukua kijani, paka uso wote, dakika tano umemaliza. Nikachukua kijani.

Hadassa akanishika mkono. “Si kijani, maman,” akasema. “Papa hakukuwa kijani.”

Yaya, nilikaa chini kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Siku ile ya Aprili tulipomwona Séraphin hospitalini kwa mara ya mwisho, Hadassa alisimama mlangoni, nami nilidhani hakutazama. Kumbe alitazama vizuri kuliko mimi. Nilitaka kumwosha uso na kumwambia tunabaki nyumbani. Lakini alikuwa ameketi ametulia, kidevu juu, anasubiri, na nikaona kwamba ananiomba nifanye pamoja naye kazi ambayo amekuwa akiifanya peke yake miezi yote hii. Nikaifanya.

Kisanduku nikakitupa. Nikampaka losheni kwanza, halafu nikachukua wanga wa mahindi kidogo sana, nikauchanganya na losheni na unga wa kakao mpaka ukawa rangi ya majivu yaliyopoa. Nikampapasa kwa sifongo ya vyombo, mpya, bila kusugua. Mng'ao wa ngozi ukazimika. Chini ya macho weusi mtupu hauonekani kwetu, unapotea, kwa hiyo nikatumia rangi yangu ya mdomo ya zambarau, kwa ncha ya kidole, nikaisambaza hadi macho yakazama. Midomo nikaipaka wanga uleule, ukakauka na kupasuka. Shuka kuukuu nikalichana vipande virefu, nikavichovya kwenye chai ya rangi na kuvikausha juu ya radiateur, lile bomba la joto ukutani. Hadassa ndiye aliyeniongoza. “Hapa kidogo zaidi, maman. Hapa basi.” Kila kitu kimetoka jikoni kwangu. Kama hayo ndiyo matambiko, basi hata supu yangu ni uchawi.

Chini ya vile vipande alivaa gauni lake la manjano, lile Séraphin alilomnunulia Pasaka. Mpango wake ulikuwa hivi: aingie amefungwa, mtu aseme maneno ya Yesu, “Mfungueni, mkamwache aende zake,” nimfungue mbele ya wote, nimpitishie kitambaa chenye mafuta ya nazi usoni, na uso wake mwenyewe utoke. Tulijaribu nyumbani kwa kitambaa kwenye shavu moja. Mafuta yanaondoa yote mara moja. Alicheka sana.

Alama ya kwanza ya balaa la jioni hiyo ningepaswa kuiona mlangoni. Maman Rolande alikuwa amejifanya Malkia Esta. Kope za bandia, kila moja ingetosha kufagilia ua, na juu ya macho vumbi la dhahabu lililomwagikia hadi kwenye Biblia yake. Mjukuu wake Joël alikuwa Goliati, na katikati ya paji la uso alikuwa na tundu la jiwe la Daudi, la karatasi ya choo na gundi ya shule, lililolowa rangi nyekundu ya mdomo. Lilikuwa linaning'inia kama kitufe cha shati. Watu wote, “Oh, Joël, umependeza!” Damu inatiririka hadi kwenye pua, na wao wanapiga picha.

Mimi nilikuwa kwenye jiko la nyuma nakaanga mikate, maana kwenye kanisa hilo mjane hukumbukwa kila panapohitajika mafuta ya moto. Nilimwambia Hadassa aniite zamu yake ikikaribia. Sikuitwa. Nilisikia mayowe ya Maman Rolande kwenye spika.

“Mutoto wa nani huyu? Hii roho ya kifo iko inafanya nini mu kanisa? Élisée, mutoshe!”

Nilipotoka, Tonton Élisée, yule shemasi mwenye koti kubwa na moyo mdogo, alikuwa tayari amemburuta kwa ncha ya shuka hadi kwenye ngazi na kufunga mlango. Mwanangu alikuwa amesimama gizani, mikono imefungwa ubavuni kama tulivyoifunga nyumbani, hawezi hata kujifuta machozi. Wanga ulikuwa umefanya mifereji mashavuni.

“Niliwaambia mi ni Lazaro,” akasema. “Hawakusikia.”

Nikarudi naye ndani. Sikupiga kelele, Yaya, usiwaamini wakikwambia nilipiga kelele. Mikono yangu ilikuwa na unga. Nikamwambia Maman Rolande, mbele ya wote, “Lazaro alikaa kaburini siku nne, Maman Pasteur. Ulitaka atoke amepaka poda?”

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Maman Rolande akasema kanisa ni mahali pa uzima na haliruhusu sura ya maiti.

“Na huyu Goliati? Yeye amelala usingizi?”

Mtu akibanwa, Yaya, ndipo utajua alivyoumbwa. Akaishika micro karibu zaidi na kinywa chake na kusema, “Weye Mauwa, tangu bwana yako afe, kichwa yako haiko muzuri. Tunavumilia tu juu ya mutoto.”

Kwenye micro, Yaya. Mbele ya mtoto wa huyo bwana. Nikawatazama wote mmoja mmoja, watu waliokula kwangu, waliolia kwenye mabega yangu siku ya maziko kwa sauti kubwa kuliko mimi. Akina mama walirekebisha mashuka ya Yosefu na Mariamu wao. Pasta alikuwa na simu yake, anaitelezesha kwa kidole, kama mtu anayetafuta mstari. Ukumbi ule wote haukuwa na mtu mmoja wa kusema, “Maman, hapo umezidi.”

“Kichwa yangu iko muzuri,” nikamjibu. “Njo maana tunaenda.” Nikachukua koti la Hadassa. Mikate niliiacha ndani ya mafuta. Natumaini iliungua.

Tukasimama kwenye kituo cha basi nje ya Gare du Midi, kwenye manyunyu. Watu walipita na masanduku yao na kumkodolea macho. Akaja kijana mmoja mzungu, amechorwa mifupa ya meno hadi masikioni, mkononi kopo la bia. Akamwambia, “Jolie momie!” yaani mumia mzuri, maiti ya kukaushwa.

“Je suis Lazare, monsieur,” Hadassa akamjibu, kwamba yeye ni Lazaro.

Yule kijana akavua kofia yake. “Karibu tena, Lazare,” akasema kwa Kifaransa chake, akaendelea na safari yake akiyumba. Yaya, mlevi aliyechorwa mifupa alimpa mwanangu heshima ambayo kanisa zima halikuwa nayo.

Kisha Hadassa akaniambia, “Maman, hakuna mwenye alisema yale maneno.”

Basi nikayasema mimi, pale pale, mbele ya watu wa basi. “Mfungueni, mkamwache aende zake.” Nikamfungua shuka kuanzia mabegani, nikatoa kitambaa cha mafuta mkobani na kumfuta, paji la uso, macho, midomo. Gauni la manjano likatoka, limekunjamana. Akajitazama, akatazama mikono yake. Ndipo akauliza swali lake la kwa nini.

“Na papa, juu ya nini ye hawakumuita?”

Nikamwambia sijui.

“Hata Maman Pasteur hajui?”

“Hata yeye hajui.”

“Sasa juu ya nini anasemaka na micro?”

Nilicheka, Yaya. Sikuwa nimecheka hivyo tangu Aprili. Naye akacheka, halafu kicheko chake kikageuka, akanishika kiunoni na kulia kile kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia, wakati wote mlikuwa mnaniuliza kwenye simu mbona mtoto ana macho makavu. Tuliacha basi la kwanza likapita, na la pili. Usiku ule alilala hadi asubuhi bila kuniita. Tangu hapo analala. Kila jioni ananiambia kitu kimoja anachokumbuka juu ya baba yake, jinsi alivyokata embe, jinsi alivyoimba vibaya, na mimi namwambia kimoja changu. Hayo ndiyo matunda ya shetani wangu.

Sasa Liège. Tonton Mwamba, Séraphin alipokuwa hospitalini, hakupata njia ya kuja, na treni zipo kila saa. Mazishini alipata njia, akaja na miwani mipya ya jua, siku ya mvua, akaondoka kabla ya chakula kwa sababu ya mpira kwenye televisheni. Huyo ndiye ambaye baraza la familia limempata wa kumlea mtoto wa ndugu yako? Hadassa haendi Liège. Nakuambia kwa heshima, Yaya, na nakuambia mara moja. Atakulia hapa Ganshoren, kwenye chumba ambacho baba yake alikipaka rangi, na likizo kubwa nikijaliwa nitamleta kwako Likasi umwone. Wewe ndiye mtu pekee wa upande ule ninayemdai baraka. Wengine wabaki na maoni yao.

Ndani ya bahasha nimetia picha niliyompiga nyumbani kabla hatujatoka. Itazame mwenyewe, kwenye mwanga, bila mtu kukuelezea. Ukiona shetani, nipigie. Lakini nadhani utaona nilichokiona mimi, kile kidevu cha ndugu yako.

Nisalimie Doudou na watoto wake. Msalimie Papa Anaclet jirani, mwambie dawa yake ya macho naitafuta. Nisalimie Bibi Sephora, na umwambie Hadassa bado anaimba ule wimbo wake wa kutwanga, ingawa maneno ameyachanganya. Waliokupigia simu usiwasalimie.

Mungu akupe goti jipya na usingizi mtulivu. Akulinde na mvua, na homa, na kwa rehema zake nyingi akulinde na wanaojifanya wasemaji wake.

Wako akupendaye, na asiyekuficha neno,

Mauwa, mama Hadassa