Dawa ya Asubuhi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kwanza nakujulia hali, wewe na Mama na wote wa hapo nyumbani. Natumaini presha imetulia, na kwamba vidonge vyako bado vinakaa mezani, kila mgeni akiingia unamweleza dozi kabla hajapewa kiti. Mimi mwili ni mzima. Mengine uyasome taratibu, maana nataka uyapate kwangu kabla wambea hawajakufikia.

Unakumbuka nilikueleza kwenye simu habari za yule seremala ninayemtetea. Alivunja mlango wa duka mchana kweupe, akipiga kelele kwamba ndani kuna watoto wanaungua, na mlinzi aliyemzuia akaumia mkono. Moto haukuwepo, wala watoto. Alikuwa mgonjwa, Baba, sauti zilikuwa zikimwandama usiku na mchana. Sasa mkewe humpelekea dawa mahabusu, na zimemkaa vizuri kiasi cha kuniharibia kesi. Anakuja mahakamani amechomekea shati, anajibu kwa adabu, hata mwendesha mashtaka anamsalimia. Hakimu alimtazama akasema haoni sababu ya kumwita daktari. Bila daktari ni jela ya mbali, na huko hakuna wa kumpelekea dawa.

Mkewe alinifuata ofisini kabla kesi haijarudi. Alifunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama haingekuwa bora mumewe asinywe dawa siku chache, ili hakimu ajionee mwenyewe. Alisema wameshazungumza na mumewe amekubali. Sikufichi, Baba, sikumkatalia papo hapo. Niliwaza, na nikajichukia kwa kuwaza.

Nikaenda mahabusu kumwambia seremala asithubutu kuacha hata kidonge kimoja. Alinisikiliza huku akitazama chupa ya maji ambayo haibanduki mkononi mwangu, na vidole vyangu vilivyokuwa vikitetemeka juu ya faili. Akasema kwa upole kwamba hata yeye kinywa humkauka vivyo hivyo.  Nilifunga faili, nikaaga haraka.

Jana kesi ilirudi. Mwendesha mashtaka akasema mgonjwa wa akili anajulikana kwa kumtazama tu, na huyu ni mzima kuliko wengi waliomo humu. Watu wakacheka. Seremala akainamisha kichwa, na mkewe akanitazama mimi.  Nikajikaza, nikasimama.

"Mheshimiwa," nikasema, "na mimi nimekunywa dawa kama yake leo asubuhi. Ndiyo maana unaniona mzima."

Kicheko kilikatika. Hakimu alinikaripia kwamba wakili hasimami mahakamani kujitolea ushahidi, akaagiza maneno yangu yafutwe kwenye kumbukumbu. Kisha akachezea kalamu yake, na mwishowe akaamuru daktari aitwe. Hatujashinda, lakini hatujafungiwa mlango. Seremala alipokuwa akitolewa hakunishukuru. Alinisogezea tu chupa yangu ya maji na kuniambia ninywe.

Ndiyo hivyo, Baba. Nimeumwa tangu mwaka wangu wa mwisho chuoni, ule niliokwambia nimebanwa na mitihani. Umezoea kujigamba kwa watu kwamba mwanao ana kichwa, na nilishindwa kukwambia kwamba kichwa chenyewe ndicho kinachoniuma. Niliogopa, na hata sasa naogopa. Karani wa mahakama ni shemeji wa jirani yetu, kwa hiyo huenda mtaa mzima umeshajua kabla yako wewe, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jumamosi nakuja. Nisalimie Mama, na umwandae kidogo, maana wewe ndiye unayemweza. Ukiniruhusu, sitavificha tena vidonge vyangu kwenye mkoba. Nitaviweka mezani, kando ya vyako.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Kasuku wako