Driva Uliyoifungia, Kaka

Iguguno, 3 Juni 2024

Kaka Chediel,

Shikamoo. Huku wote wazima, alizeti tumemaliza kupiga, baba na mama wanakusalimu. Natumaini wewe na wifi hamjambo. Nakuandikia barua pepe kwa sababu leo kwenye simu hupatikani.

Kompyuta kumi na mbili ulizoiletea shule yetu zimegoma. Ijumaa zilijisasisha zenyewe. Leo asubuhi nimeziwasha mbele ya kidato cha nne: nembo ya Linux, ule mfumo uliotuwekea, inatokea, kisha kioo cheusi. Zote. Mtihani wa mock wa vitendo ni tarehe 24, na mwalimu wa somo ni mimi. Mkuu wa shule, Mwalimu Lazaro, ananitazama tu. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Hana

Arusha, 5 Juni 2024

Mdogo wangu Hana,

Marahaba. Sisi salama, wifi yako anakusalimu.

Hizo mashine zilitoka kwangu nzima, nilizijaribu moja moja. Linux haijiharibu. Kuna mtu kagusa asichokijua. Niambie ukweli, uliwaruhusu wanafunzi waweke michezo? Mwalimu Lazaro alinipigia jana, nikamwambia hivyohivyo: tatizo ni mtumiaji. Usiguse kitu mpaka nije, labda Julai.

Kaka yako,
Chediel

Iguguno, 8 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Moyoni sina salamu.

Unajua hilo neno lako limefanya nini? Jana nimepewa barua ya kujieleza, kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuharibu mali ya shule. Mwalimu mwenzangu Miraji aliisoma kwa sauti ofisini kabla haijanifikia. Nyumbani baba kaniuliza, "Hana, ulizifanya nini?" kama vile nimeua ng'ombe wa watu.

Hujaniuliza hata kama kioo kinaandika chochote. Julai mock itakuwa imepita. Jibu haraka.

Hana

Iguguno, 18 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Siku kumi kimya. Basi nimegusa.

Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3, kikaja kioo cha maandishi matupu, nikaingia. Nikasoma kumbukumbu za kuwaka kwa mashine mstari kwa mstari. Kadi ya picha inaonekana, lakini hakuna driva, programu ya kuiendesha, iliyoishika. Ile ya kampuni iliyotengeneza kadi, uliyoiweka wewe, haikukubaliana na kernel mpya, kiini cha Linux kilichoingia Ijumaa ile. Na nouveau, ile driva huria, mbona haikuchukua nafasi? Kwa sababu kuna faili limeizuia. Lina mistari miwili, nakunakilia:

# Chediel, majaribio, nitaondoa
blacklist nouveau

Niliitazama mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Ulijaribu, ukasahau, ukanakili kosa lako kwenye mashine zote, halafu ukamwambia mkuu wangu mharibifu ni mimi!

Nimelifuta faili. Nimeiondoa driva ya kampuni, nikatengeneza upya faili la kuwashia, nikawasha. Picha ikaja. Theodora wa kidato cha nne alipiga kelele mpaka darasa la jirani wakasikia. Zilizobaki nimezifanya hivyohivyo.

Barua hii nimemsomea baba. Sitaki pole ya simu. Mwandikie Mwalimu Lazaro, kwa jina lako na sahihi yako.

Hana

Arusha, 21 Juni 2024

Mdogo wangu Hana,

Marahaba. Nimekosa. Barua yako ya tarehe 8 niliisoma siku ileile nikanuna, niliona unanivunjia heshima. Mkuu nimemwandikia leo, na mistari yote miwili nimeiweka kama ilivyo.

Lakini kumsomea baba! Amenipigia akanifokea, wifi yako anasikia kila neno. Umeniaibisha.

Haya, wiki ijayo nakuja kuzipanga upya mashine, nikuwekee kila kitu vizuri usihangaike tena.

Kaka yako,
Chediel

Iguguno, 25 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Mock imefanyika jana. Mashine kumi na mbili, hakuna iliyozimika.

Barua ya kujieleza imefutwa. Mwalimu Lazaro alinieleza huku akiangalia dirishani, pole hakusema. Baba ndiye aliyesema, mara moja, kwa Kinyiramba, ikanitosha.

Wewe unasema nimekuaibisha. Mimi nilisomewa mashtaka mbele ya walimu wenzangu kwa kosa lako. Hasira bado ninayo, sikufichi.

Njoo, mama anataka kukuona. Lakini mashine hutazipanga. Nenosiri la msimamizi nimelibadilisha. Ukifika shuleni bisha hodi, nitakuwashia moja, ukae uangalie.

Mdogo wako,
Mwalimu Hana