Mchele kwenye njia ya ndege

Loretta, shoga yangu, natoka sasa hivi harusini kwa binti yake Walt. Aibu niliyoipata, weee!

Si wamefungia ndoa kwenye kituo cha ndege tulikofanya kazi, palepale kwenye njia ya ndege! Maharusi wanapita, wageni wanawarushia mchele. Walt akafoka kama bado ni msimamizi wetu wa zamu: "Nani anatupa takataka kwenye lami? Mnataka injini izimeze?"

Injini gani, Loretta? Kituo kilishafungwa, ndege hata ya dawa huipati!

Na sisi wazee wazima tukajipanga bega kwa bega, vichwa chini, tunaokota punje moja moja, kama tulivyookota kokoto na misumari kila asubuhi enzi zetu kabla ndege hazijaruka. Mimi na goti langu hili!

Mchungaji akadhani tunasali. Akainamisha kichwa, na wageni wote wakainamisha. "Amina," akasema. AMINA! Ya mchele!

Nikamtazama bibi harusi, nikajua leo katuchukia. Kumbe anavua viatu. Akakusanya gauni, akaja kwenye mstari: "Baba, sogea, na mimi niokote."

Walt akasogea, machozi yanamtiririka. Eti, "Vumbi limeniingia."

Vumbi gani, Loretta, na lami tumeshaisafisha?