Mechi ya Mwisho ya Namba 47

Jumatatu, 3 Juni 2019

— na bado sijamaliza kuandika kuhusu masikio ya Janelle! Jana usingizi ulinikatisha. Ni madogo, yamekaa karibu na kichwa, na akivua kofia baada ya mazoezi yanawaka mekundu kama ametoka kusengenywa. Mimi huyatazama tu. Yeye hufikiri natazama jasho.

Siku kumi na sita tangu tufunge ndoa kanisani. Bado nikiitwa "mume wa Janelle" hapo kazini napoteza hesabu ya nati. Leo nimefunga tairi moja mara mbili.

Jioni nimepaka rangi chumba cha nyuma. Njano. Aliichagua mwenyewe, mwezi Machi. Amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Nikamwuliza, umeipenda? Akasema, "Ni nzuri mno, Curt." Machozi yanamlengalenga! Nani mwingine hapa Alder Falls ana mke anayelilia rangi ya ukuta?

Jumatano, 5 Juni

Roz amekuja kula kwetu. Kaingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake. "Habari yako, mke mwenzangu!" ananiambia mimi. Nacheka kila mara.

Ni kweli lakini, tuko wawili. Roz ni mke wa dabi wa Janelle. Kila mchezaji wa dabi ya magurudumu, ule mchezo wa kusukumana juu ya viatu vya magurudumu, ana mke wake — walifunga "ndoa" miaka mitatu iliyopita kwa pete za plastiki, soseji mkononi, kabla mimi sijamjua Janelle. Kazi ya mke wa dabi ni moja: ukiumia, anapanda nawe gari la wagonjwa, na yeye ndiye anayewapigia watu wa nyumbani. Wanasema habari mbaya isitoke kwa mwenye maumivu. Mwaka jana Janelle alipovunjika mtulinga, ni Roz aliyenipigia. "Shemeji, kaa chini kwanza." Nilikuwa nimekaa tayari, juu ya matairi manne.

Napakua viazi, Roz akauliza, "Nyie wawili mmeshazungumza?"

Nikasema tunazungumza kutwa kucha, hatunyamazi! Jana tulibishana nusu saa jogoo ana magoti au hana.

Roz akamtazama Janelle. Janelle akaomba chumvi. Ilikuwa mbele yake.

Ijumaa, 7 Juni

Fulana imefika! Nyeusi, mgongoni imeandikwa MUME WA NAMBA 47, namba ya jezi ya Janelle. Nimeivaa kwenda mgahawani kula samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Mhudumu kanipa kipande cha ziada. Janelle kaficha uso kwenye leso, mabega yanatikisika. Amecheka hadi machozi!

Kesho mechi. Wakamuaji wetu, timu ya Janelle na Roz, dhidi ya Mabinti wa Kinu wa Port Hollis. Sijawahi kuitamani Jumamosi hivi.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitachanganyikiwa.

Tulifika saa nane mchana. Ukumbi ni uleule wa mpira wa magongo wa barafuni, barafu waliiondoa Mei, lakini saruji bado ina ubaridi wake. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma, nimebeba begi la Janelle na kreti mbili za mikate ya soseji. Akanibusu shavuni. Akasema, "Leo nitazame vizuri, sawa?" Nikamwambia mimi huwa nafanya nini kingine!

Nilikaa chini sakafuni, pembeni kabisa ya mstari, kwenye kona ya tatu. Hapo ndipo wachezaji hukurukia mapajani wakisukumwa. Napapenda. Kulia kwangu mama mmoja wa Port Hollis, Gladys, mjukuu wake anachezea Mabinti. Kanikatia nusu ya mkate wake kabla hata ya salamu.

Mechi ikaanza. Bado nazichanganya sheria, lakini hili nalijua: kila upande una mmoja mwenye nyota kwenye kofia, wengine wanne ni ukuta. Mwenye nyota akishapenya, kila mpinzani anayempita tena ni pointi. Na wetu mwenye nyota ni Janelle wangu! Uwanjani anaitwa Nyundo ya Asali. Anainama, goti karibu liguse sakafu, anapita kwenye upenyo ambao hata barua isingepita. Kengele za ng'ombe zinalia ukumbi mzima.

"Kakamue huko, Arobaini na Saba!" Gladys anapiga kelele; mtangazaji alishataja harusi yetu. "Mwangusheni huyo bibi harusi!"

"Bibi harusi wangu huyo!" nikamwambia.

"Basi mshike mwenyewe, maana sisi tumeshindwa!"

Nilikuwa na furaha. Nataka niandike hilo. Hadi mapumziko nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ukumbini. Wakamuaji 88, Mabinti 79.

Halafu timu zinarudi uwanjani, Gladys ananitazama kifuani. "Wewe mbona huna nyota?"

Nyota gani? Nikageuka. Kila mtu alikuwa na nyota ya karatasi ya fedha. Watu wetu, watu wa Port Hollis, watoto. Walikuwa wanazigawa mlango wa mbele.

Mtangazaji akashika maikrofoni. "Mabibi na mabwana, dakika thelathini za mwisho za Nyundo ya Asali katika jezi yetu! Juma lijalo ni wa timu ya Milwaukee! Miaka mitano, watu wangu! Inueni nyota!"

Ukumbi mzima ukasimama. Na mimi nikasimama. Nilikuwa na kengele mkononi na watu wote wanapiga zao — nikapiga. Mungu wangu, niliipiga.

Gladys akanivuta fulana. Alikuwa ameshausoma mgongo wangu. "Keti, mwanangu," akasema. Sauti nyingine kabisa. Akabandua nyota yake akanipa. Sikujua niishike vipi.

Kipindi cha pili Janelle alipita mbele yangu mara nyingi, sijui ngapi. Hakunitazama. Halafu kona ya tatu namba 9 wa Mabinti akampiga kwa nyonga, Janelle akaruka, akatua mapajani mwangu. Mzima mzima, pedi na jasho na yote. Uso wake hapa, wangu hapa.

"Ni kweli?" nikamwuliza.

"Baadaye, mpenzi."

Akanishika bega kujiinua, akarudi uwanjani. Akapata pointi nne zaidi.

Tumeshinda 171 kwa 160. Mwisho timu zote mbili zikapanga mistari miwili, Janelle akapita katikati akigongwa viganja, akaivua ile nyota ya kofia akamvisha msichana mgeni wa timu. Watu wanalia. Watu wananipiga mgongoni, palepale kwenye maandishi. "Hongera shemeji! Utazifaidi wikiendi za Milwaukee!" Muuza bia alijua. Mwenye ukumbi alijua. Daktari wa meno wetu alijua!

Roz akaja, kofia mkononi, uso mweupe. "Curt. Hakukwambia?"

Nilimwambia soseji zitapoa. Ndicho nilichosema.

Jumapili, 9 Juni

Hatukwenda kanisani. Tumekaa jikoni tangu asubuhi.

Anasema: "Nilimwomba Roz akwambie."

Nikasema Roz hupiga simu mifupa ikivunjika, Janelle. Huu si mfupa.

"Nilidhani ingekuwa rahisi kwako ikitoka kwake. Sisi hufanya hivyo."

Nimempigia Roz mbele yake, simu juu ya meza, wote tunasikia. Roz akasema, "Alinipa habari hii niibebe, nikakataa. Nikamwambia Janelle, hii mwambie mume mwenyewe, si kazi ya mke wa dabi. Nikafikiri amesema. Jumatano nikaona hajasema. Nisamehe, Curt, ningekuvuta kando." Hakukuwa na utani wowote ndani yake.

Kwa hiyo kila mmoja alimwachia mwenzake, na mimi nikawa nanunua fulana.

Nimeuliza yote. Majaribio ya timu ya Milwaukee yalikuwa Aprili — wikiendi ile aliyosema yuko Racine kwa shangazi yake anapimwa gauni. Gauni la harusi! Barua ya kumkubali ilikuja Alhamisi. Ndoa ilikuwa Jumamosi.

Nikauliza, ulikuwa nayo kwenye mkoba kanisani?

"Hapana! Ilikuwa ndani ya kiatu cha magurudumu."

Alisema hivyo kana kwamba ni afadhali.

Ni msimu mmoja tu, anasema, hadi Novemba. Kuna mwenzake mwenye kitanda cha ziada. Yeye mwenyewe ana miaka thelathini na moja, magoti hayatasubiri, na timu ile ni ya kweli, inacheza hadi ng'ambo. Aliogopa angeniambia ningesema usiende. Au ningeahirisha harusi.

Nisingeahirisha. Hilo ndilo linaloniua. Hakuniuliza kama ningekuja naye! Matairi yanatoboka hata Milwaukee. Ningekwenda. Ningefungasha siku ileile na kuimba njiani.

Nimemwambia hivyo. Akaweka paji la uso mezani. "Sikuwaza," akasema. "Curt, kweli sikuwaza hilo."

Afadhali angekuwa amewaza akakataa.

Jumanne, 11 Juni

Anafungasha. Ameacha nusu ya nguo zake kabatini, ili nijue anarudi, anasema. Nimehesabu mabegi, matatu.

Leo kanitengenezea mayai kama ninavyoyapenda. Nikala. Yalikuwa matamu. Namchukia na ninataka ashinde kila mechi. Sijui mtu anaishije na vyote viwili kabla ya saa mbili asubuhi.

Alhamisi, 13 Juni

Nilimwambia basi, natoa notisi kazini, nakuja nawe. Akakunja jezi mbili. Halafu: "Nipe kwanza mwezi mmoja nizoee timu."

Mwezi mmoja.

Jumamosi, 15 Juni

Ameondoka saa tatu asubuhi. Roz ndiye aliyemwendesha, gari lake ni kubwa. Roz hakuniita mke mwenza. Alinikumbatia muda mrefu kuliko Janelle.

Jumapili, 16 Juni

Amepiga simu adhuhuri. Nimekimbia kutoka uani hadi jikoni, goti limegonga kiti, nikapokea nikihema kama mjinga. Sauti yake! Bado inanifanya hivi.

Ukumbi wao ni mkubwa, anasema. Sakafu ya mbao. Wote warefu kuliko yeye. Wamempa fomu za kujaza na kuna sehemu moja inataka namba yangu ya kazini, hakuikumbuka.

Sehemu ipi? nikauliza.

"Ya watu wa kupigiwa nikiumia."

Nikamtajia namba, taratibu, tarakimu moja moja. Nilisikia kalamu. Nikauliza, huo ni mstari wa kwanza?

"Wa pili," akasema. "Wa kwanza nimeandika Roz. Mkono ulikwenda wenyewe, Curt. Ni mazoea. Naweza kufuta."

Nilingoja nisikie akifuta. Nyuma yake magurudumu yalikuwa yanavuma, mtu anapuliza filimbi, mtu anamwita kwa jina la uwanjani.

"Inabidi niende," akasema. "Tarehe ishirini na tisa tuna mechi. Nikuwekee kiti? Kona ya tatu?"

Nikamwambia asiweke kiti. Nitakuja kabla ule mwezi wake mmoja haujaisha, siku ya kazi, mchana, asipokuwa na mechi, kumwona mke wangu, si mchezaji.