Mchoro wa Soko na Magoti ya Bibi Hadija

Alhamisi, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai, na mimi nimekaa hapa nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota pochi.

Nina bahati mimi. Soko jipya halijachimbwa hata msingi, lakini kizimba changu cha kuuzia kinajulikana: chini, langoni, mkono wa kulia unapoingia. Mteja atanikuta mimi kabla hajakutana na harufu ya nyanya. Wenzangu wanafunga na kusali wapate nafasi kama ile, mimi nimeipata kwa mdomo tu. Nimefika Tunduma, nimefika Lubumbashi juu ya lori la vitunguu, na sijaona mwenye nyota kama yangu.

Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Halmashauri inataka kujenga soko la ghorofa kwenye ule uwanja wa vumbi tunapouzia sasa. Kabla ya kujenga, wananchi lazima tuitwe, tuoneshwe mchoro, tuseme la moyoni. Mtendaji wa mtaa akaniomba mimi nitangaze mkutano, maana nina spika ninayouzia mitumba. Nikakubali. Sikudai hata soda.

Sasa, mimi sauti ninayo moja. Nikapita mitaani na ileile ya kuuzia blauzi: wahi mama, wahi baba, soko jipya hilo, nafasi chache, ukichelewa usinilaumu.

Watu wakaja jamani. Mkutano wa mtaa kwa kawaida unamkuta mwenyekiti, wajumbe wake na mlevi mmoja aliyefuata kivuli. Safari hii uwanja ulifurika. Akina mama wamefunga hela kwenye ncha za kanga, na mzee mmoja wa upande wa Bahi kaja anakokota beberu, anauliza kwa mnyama huyo atapewa vizimba vingapi. Wote walidhani vizimba vinauzwa siku ileile.

Mtendaji akanivuta pembeni. "Wewe umetangaza nini?"

"Mkutano, kiongozi."

"Na huyu beberu amekuja kuchangia hoja?"

Nikazima spika.

Aliyeniokoa ni afisa mipango miji, binti mdogo tu, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Watu wananung'unika, wengine wameshageuka kuondoka, yeye akacheka na kusema: kuuza hatuuzi, ila mmeshafika, basi njooni muone mtakapokaa. Akautundika mchoro kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa na kuueleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Chini: nguo, viatu, simu. Juu: nafaka na vyakula vikavu. Mimi shule niliishia la saba, mchoro nauona kama wavu wa samaki, lakini niliposikia nguo ziko chini nilipiga makofi ya nguvu.

Halafu Bibi Hadija akanyoosha mkono.

Bibi Hadija ni Mrangi wa Kondoa, anauza ulezi, ufuta na karanga pembeni ya meza yangu. Nilipoingia mji huu sina hata ndala, yeye ndiye aliyeninywesha uji kila asubuhi, na hajawahi kunikumbusha. Anasomesha wajukuu kwa ulezi huohuo. Na magoti yake yamekwisha. Akipelekwa ghorofani, biashara yake imekufa. Mimi nilikuwa najua hilo wakati napiga makofi, ila makofi yalinitangulia.

"Mwanangu, mchoro wako mzuri," akasema. "Huko juu mimi nitafikaje?"

"Ngazi zitakuwa pana, bibi, na zina vyuma vya kushikia."

"Mimi nikishika chuma, gunia atalishika nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Yule binti akaacha mchoro, akaenda kukaa naye kwenye benchi. Wakazungumza kidogo, siku hizi ni nadra kuona afisa anasikiliza bila kutazama simu. Aliposimama alisema ukweli wake wote: nafasi ya chini haivutiki kama mpira. Nafaka ikishuka, kuna watu wapande. Nani atapanda?

Wa simu wanatazama mawingu ambayo hayapo. Wa viatu wanafuta viatu. Na mimi mwenye mdomo, mimi wa Lubumbashi, napangusa spika. Biashara yangu ni kumsimamisha mpita njia, na ghorofani hakuna mpita njia. Nilikuwa naomba mtu mwingine aseme.

Hakusema mtu.

Basi nikawasha spika. Nikasema mitumba ipande. Belo la nguo linapanda zima mara moja, likishafunguliwa ni shati mojamoja mpaka liishe. Na mteja wa mtumba, huu upepo wa baridi ukimkamata, akisikia kuna jaketi zuri anapanda hata mlima.

Wenzangu wa mitumba wakanizomea. Mmoja akasema, "Kaka, huo mdomo wako utatupandisha mpaka mbinguni."

Yule binti aliandika, akasema hatoi ahadi, akaondoka. Mimi sikutegemea kitu. Tumezoea kuitwa, kusema, kusaini mahudhurio na kwenda zetu nyumbani.

Leo karudi.

Karudi na mchoro mwingine. Nafaka chini, nguo juu. Bibi Hadija akaomba aoneshwe mahali pake, akaweka kidole pale na hakukitoa kwa muda. Halafu akamfungia binti wa watu karanga kwenye gazeti. Binti akakataa, eti yuko kazini. "Kula mwanangu, kazi haishibishi," bibi akamwambia. Akala.

Nashukuru, na leo sitanii. Namshukuru yule binti kwa kurudi, maana kuuliza wengi wanauliza. Nawashukuru waliokuja na hela kwenye kanga wakabaki kusikiliza mambo ya ngazi. Hata wenzangu wa mitumba nawashukuru, walinizomea wiki nzima, na leo mchoro ulipotundikwa hakuna aliyepinga. Yule wa maneno ya mbinguni ndiye aliyekwenda kumletea bibi kiti.

Namshukuru Mungu pia kwamba uji wa miaka ile hatimaye nimepata namna ya kuulipa.

Wenzangu wamepanda wote, mimi nikabaki langoni kwa ujanja wangu.

Uongo. Kile kizimba cha langoni nilichojisifia sina. Nimepanda na wenzangu, niko nyuma kabisa, natazamana na choo.