Nyumba ya Kambini

Jumamosi, Kenmore.

Nimemwaibisha binti yangu Furaha tena. Yeye ndiye aliyenipeleka mjini Buffalo kwenye maonyesho ya usanifu wa kisasa wa Japani, nami nikayageuza mahakama.

Palikuwa na nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya wakimbizi, kuta zake mabomba ya karatasi ngumu, imezungushiwa kamba isiguswe. Nikamwambia mwongoza wageni kwamba shida zetu si pambo, na anayekisifu kibanda akalale humo mvua ikinyesha. Akatabasamu kwa adabu. Hilo ndilo lililonichoma.

“Papa, wacha basi!” Furaha akaninong’oneza. “Nilikuleta juu ya hii nyumba. Ile yetu ya kambini, kwenye mama alinizalia, ilikuwa namna gani?”

Nakumbuka turubai na matope. Mengine yamefutika. Lakini sauti ya ubishi ilikuwa bado kooni, nikajibu kwa uhakika uleule: mlango ulitazama mlima, mafiga ya mama yako yalikuwa kushoto, wewe ulilala...

Nilibuni yote.

Sasa anaichora mezani, anafuta, anarekebisha, ameridhika. Mama yake alizikwa kulekule kambini. Hakuna wa kunisahihisha.